Mike na madebe matupu: namna sokwe wa chini alivyofika juu Gombe, 1964

Mwishoni mwa mwaka 1963, katika msitu wa Gombe kaskazini mwa mji wa Kigoma, aliishi sokwe mtu dume aliyepewa jina la Mike. Alikuwa dume mzima, lakini karibu kila dume mwenzake alimwonea. Ndizi zilipotolewa kambini yeye alizipata mwisho, kama zilibaki. Alitishwa, alikimbizwa, alipigwa. Katika mwaka 1964 Mike huyohuyo akawa dume mkuu wa jamii nzima, na akakaa kwenye nafasi hiyo hadi mwaka 1970. Mwili wake haukuwa umeongezeka. Goliath, dume jasiri aliyemtangulia, hakuna aliyeona akishindwa na Mike kwa ngumi na meno. Mike alikuwa amejifunza jambo moja tu: madebe matupu ya mafuta ya taa yanaweza kumfanyia kazi ambayo misuli yake haikuweza.

Kisa hiki kimesimuliwa sana duniani kama hadithi ya mnyama mjanja. Kinastahili zaidi ya hapo, kwa sababu ndani yake mna swali linalowahangaisha wachunguzi wa wanyama mpaka leo. Mnyama akipanda cheo, hasa hasa ni nini kimepanda? Nguvu zake, akili yake, au jinsi anavyoonekana na wenzake?

Tuanze na mahali. Gombe ni ukanda mwembamba wa mabonde yanayoteremka kutoka milimani hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuchunguza sokwe hawa, alifika hapo tarehe 14 Julai 1960, kwa juhudi za Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, na eneo lenyewe likaja kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwanzoni sokwe walimkimbia. Aliyevunja woga huo ni dume mpole mwenye ndevu za kijivu, David Greybeard, ambaye alianza kuja kambini mwenyewe na kuchukua ndizi. Wengine wakamfuata, na kuanzia hapo ndizi zikatolewa kwa makusudi ili sokwe waweze kutazamwa kwa karibu. Mpiga picha Hugo van Lawick alijiunga na kambi mwaka 1962, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya sokwe hawa ilinaswa kwenye filamu pia.

Kambi ya watu ina vyombo vya watu: mahema, meza, viti, masanduku, na madebe ya bati ya mafuta ya taa. Msomaji wa Kigoma, Mombasa au Bukavu hahitaji kuelezwa sauti ya debe tupu likigonga mawe. Lugha yetu inamdharau apigaye kelele bila kitu kwa kusema debe tupu haliachi kuvuma. Gombe hakuna sokwe aliyelidharau.

Ili kuelewa kwa nini, lazima tujue mkwara wa sokwe dume unavyokuwa. Manyoya yote humsimama, akaonekana mkubwa kuliko alivyo. Huanza kuyumba taratibu, akitoa mlio wa chini unaopanda, kisha hutimua mbio akiburuta matawi, akivurumisha mawe, akipiga mizizi mipana ya miti kwa viganja na nyayo mpaka msitu uvume. Mara nyingi haishii kwenye kipigo. Wenzake hukwepa, hupanda miti, na mambo yakitulia walio chini humjia kwa miguno ya unyenyekevu, wakiinama, wakimgusa, wakimchambua manyoya. Miguno hiyo ndiyo kipimo wanachotumia watafiti: nani anamgunia nani. Ukiandika miguno kwa miezi kadhaa unapata ngazi ya ubabe ya jamii nzima, bila kuhitaji kuona pigano hata moja.

Basi kelele na vitu vya kuburuta havikuwa uvumbuzi wa Mike. Vilikuwa mali ya sokwe wote. Yeye alibadilisha chombo.

Tukio linaloelezwa kwa kina kuliko yote lilikuwa hivi. Kundi la madume wazima, Goliath, David Greybeard na Rodolf mkubwa wakiwemo, walikuwa wamekaa wakichambuana manyoya. Mike alikaa peke yake mbali kidogo, akiwatazama. Kisha akainuka, akaenda kwenye hema, akachukua debe tupu kwa mshikio wake, akachukua na la pili, akarudi nayo hadi alipokuwa ameketi. Akakaa tena. Aliendelea kuwatazama. Baada ya muda akaanza kuyumba, kidogo sana mwanzoni, manyoya yakaanza kusimama, mlio ukapanda, na ghafla akawavamia huku akiyagonganisha madebe mbele yake. Wote wakatawanyika. Akapita, akatokomea njiani na kelele zake. Walipoanza kujikusanya akarudi, wakakimbia tena, na safari ya tatu alimwelekea Goliath moja kwa moja. Goliath naye akampisha.

Mike akaketi, anahema, manyoya bado yamesimama. Wa kwanza kumjia alikuwa Rodolf, aliyewahi kuwa na cheo kikubwa: aliguna kwa unyenyekevu, akainama, akaanza kumchambua manyoya. Wengine wakafuata. David Greybeard alikuja mwisho. Goliath peke yake alibaki kando, akimkazia macho.

Kadiri siku zilivyokwenda Mike aliweza kukimbia huku akiyaendesha madebe matatu kwa pamoja, akiyarusha na kuyapiga mbele yake bila kuyapoteza. Ukilijaribu jambo hilo kwenye ardhi yenye mawe utaona ni ustadi wa kweli wa mikono na miguu. Watafiti mwishowe waliyaficha madebe, kwa sababu ya fujo na hatari kwa watu na vifaa. Mike akageukia viti, meza na masanduku, chochote alichoweza kukiburuta. Na hata vitu hivyo vilipoondolewa mbele yake, cheo kilibaki.

Hapo ndipo mimi nadhani kisa kinapoanza kuwa kizito. Lakini kwanza tukubaliane juu ya kilichothibitika na kisichothibitika.

Maelezo ya kwanza ni ya bahati na malipo. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha mwaka 1898, kwa paka waliofungiwa ndani ya masanduku, kwamba mnyama anaweza kujifunza kufungua mlango bila kuelewa mlango unavyofanya kazi. Anajaribu ovyo, jambo moja linafaulu kwa bahati, na kila linapofaulu linazidi kushika mizizi. Kwa njia hiyo, Mike aligusa debe katika mkwara mmoja wa kawaida, wenzake wakakimbia kuliko kawaida, ndizi zikabaki kwake, na tendo likajirudia. Haihitaji akili ya ajabu. Mwanasaikolojia Lloyd Morgan alikuwa amekwisha kuonya mwaka 1894 kwamba tusimpe mnyama uwezo wa juu pale ambapo uwezo wa chini unatosha kueleza alichofanya, na onyo hilo nalichukulia kwa uzito wote.

Lakini maelezo hayo yana mwanya. Madebe yalikuwa kambini mbele ya kila dume, na wengine nao waliyagusa au kuyaburuta mara mojamoja katika mikwara yao. Malipo yalikuwa wazi kwa wote. Mike peke yake ndiye aliyelifanya jambo hilo kuwa desturi. Tena katika tukio nililolieleza hakuchukua debe akiwa amepandwa na hasira, kama dume anayeshika tawi lililo karibu. Alikwenda kulichukua akiwa mtulivu, manyoya yamelala, akarudi alipokuwa, akakaa, na hasira ikaja baadaye. Chombo kilitangulia hamaki. Goodall aliupa uzito mkubwa utulivu huo, na naona alikuwa sahihi. Mnyama anayejiandaa kwa tendo kabla hali ya mwili inayolisukuma tendo hilo haijafika ameweka pengo kati ya lengo na njia, na Thorndike hakuliona pengo hilo kwa paka wake.

Hata hivyo sitaki kuvuka kipimo. Utulivu huo unaonyesha Mike alitarajia matokeo. Hauonyeshi kwamba aliwaza wenzake wanawaza nini. Kujua kwamba debe likivuma watakimbia ni jambo moja, na kujua kwamba wanakimbia kwa sababu wanamwogopa yeye ni jambo jingine. Kisa kimoja hakiwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Pia mwanzo wenyewe wa kupanda kwake ulitokea wakati Goodall hayupo: mapema mwaka 1964 alikuwa Uingereza, akafunga ndoa na van Lawick mwezi Machi, na waliporudi walimkuta Mike tayari anapanda. Mara ya kwanza kabisa debe lilipomletea faida ndiyo mara ambayo ingetufaa kuliko zote, na haimo katika maelezo yake aliyoyaona kwa macho.

Kuna pingamizi kubwa zaidi, la ndizi. Katika msitu usio na watu, chakula cha sokwe hutawanyika, na wao hutawanyika nacho katika vikundi vidogo vinavyobadilika kila saa. Gombe ya mwaka 1964 ilikuwa na rundo la ndizi mahali pamoja, likivuta madume wengi kwa wakati mmoja, na ugomvi uliongezeka. Watafiti wenyewe walilitambua hilo, wakapunguza sana ulishaji kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1960, na ukakomeshwa kabisa mwaka 2000. Mwaka 1991 mwandishi Margaret Power alikwenda mbali zaidi, akidai kwamba ubabe na vita vya sokwe wa Gombe vilizaliwa na ulishaji huo. Jibu kubwa lilikuja mwaka 2014, pale Michael Wilson na wenzake wengi walipokusanya kumbukumbu za mauaji kutoka jamii 18 za sokwe mtu barani Afrika, nyingi zikiwa hazijawahi kulishwa, na kukuta kwamba kiwango cha kuingiliwa na binadamu hakielezi mauaji hayo. Kwa hiyo ubabe si zao la ndizi. Lakini jukwaa la Mike lilikuwa. Bila rundo la ndizi asingepata hadhira ya madume wengi kiasi hicho kila siku mahali pamoja, na bila kambi asingepata bati. Ukikisoma kisa hiki kama maisha ya kawaida ya msituni unakosea. Kisome kama kipimo cha uwezo: mpe sokwe kitu ambacho historia ya jamii yake haijawahi kukiona, uone anakipa kazi gani.

Sasa turudi kwenye cheo kilichobaki baada ya madebe kuondoka.

Kama nguvu ya Mike ingekuwa ndani ya bati, kuficha bati kungemshusha. Kama ingekuwa ndani ya misuli, asingehitaji bati tangu mwanzo. Kwa miaka karibu sita baada ya hapo madume waliomzidi umbo walimgunia. Jibu pekee linalonishawishi ni kwamba cheo kilikuwa kimehamia vichwani mwa waliomwona. Kila aliyekimbia siku ile aliwaona pia wengine wakikimbia. Aliona Rodolf akiinama. Aliona Goliath akipisha. Mkwara mmoja mbele ya hadhira hufundisha zaidi ya pigano moja faraghani, kwa sababu kila shahidi anajifunza kuhusu wawili kwa mpigo: aliyetisha na aliyetishika.

Hili la mashahidi linaweza kuonekana ni kumpa sokwe akili nyingi mno. Basi tuangalie ndani ya maji ya ziwa lililo mbele ya kambi hiyohiyo. Ziwa Tanganyika lina samaki mdogo wa familia moja na sato na perege, anayejulikana kisayansi kama Astatotilapia burtoni. Dume mwenye himaya yake hung'aa rangi na huwa na mstari mweusi usoni. Asiye na himaya hupauka. Nafasi ikitokea, dume aliyepauka huanza kubadilika rangi ndani ya dakika chache. Mwaka 2007 Logan Grosenick, Tricia Clement na Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio walilofanya na samaki hawa. Dume mmoja aliwekwa katikati awe mtazamaji tu, huku majirani wakipambana wawili wawili. Wa kwanza alimshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, wa tatu akamshinda wa nne, wa nne akamshinda wa tano. Kisha mtazamaji akaonyeshwa wa pili na wa nne, ambao hakuwahi kuwaona wakipambana. Wote wawili walikuwa wameshinda mara moja na kushindwa mara moja, kwa hiyo kuhesabu ushindi hakumsaidii. Dume wa aina hii hupenda kukaa karibu na mpinzani dhaifu, na alikwenda karibu na wa nne.

Alijenga ngazi kichwani kwa kutazama tu. Samaki mwenye ubongo mdogo hivyo akiweza, sioni ugumu wa kukubali kwamba Rodolf na wenzake, wenye bongo kubwa na miaka mingi ya kufahamiana, waliweza kumpangia Mike nafasi mpya kutokana na walichokiona kwa Goliath. Habari za ngazi zenyewe ni za zamani katika sayansi; Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alizieleza kwa kuku mwanzoni mwa miaka ya 1920, nani anamdonoa nani. Kilichoongezeka tangu hapo ni kuelewa kwamba ngazi hiyo hujengwa na mashahidi pia, si wapiganaji peke yao.

Kwa fisi madoa jambo hili liko wazi zaidi. Binti wa fisi hupata cheo chini ya mama yake kabla hajawa na nguvu ya kumtisha fisi mzima yeyote, na utafiti wa muda mrefu wa Ngorongoro, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba katika makabiliano kati ya wawili mshindi huwa ni yule anayeweza kutegemea waungaji mkono wengi zaidi. Ukubwa wa mwili hauamui. Ndiyo maana majike wa fisi huwatawala madume: wao ndio wenye ndugu karibu.

Ugumu wa kukaa juu nao una ushahidi. Goodall aliandika kwamba Mike alichukua muda mrefu, mwaka mzima au zaidi, kabla ya kuonekana ametulia katika nafasi yake. Aliendelea kupiga mikwara mingi bila sababu ya wazi, na majike walipata kichapo kwa makosa madogo. Mgogoro wake na Goliath ulifikia kilele siku Goliath aliporudi baada ya kuwa mbali upande wa kusini. Walipigiana mikwara kwa karibu nusu saa, kila mmoja akiburuta matawi, akipita karibu na mwenzake bila kumgusa, kisha wakikaa na kutazamana. Mwishowe Goliath ndiye aliyekwenda, akainama kando ya Mike akiguna kwa woga, akaanza kumchambua manyoya kwa pupa. Mike akageuka, naye akamchambua. Walikaa hivyo zaidi ya saa moja. Katika maandiko yote ya Gombe sijui mahali panapoonyesha vizuri zaidi kwamba ubabe wa sokwe ni mapatano kama ulivyo shuruti. Nusu saa ya vitisho ilimalizwa na kuguswa.

Kuhusu gharama ya kiti hicho, kuna kipimo kutoka Amboseli, Kenya, kwa nyani. Mwaka 2011 Laurence Gesquiere na wenzake walitoa matokeo ya miaka tisa kutoka kwa madume 125 wa makundi matano. Walipima homoni za msongo katika vinyesi vyao. Kwa kawaida kadiri dume alivyokuwa juu ndivyo msongo ulivyopungua, isipokuwa wa juu kabisa: dume mkuu alikuwa na msongo mkubwa sawa na wa madume wa chini, na aliyemfuata ndiye aliyekuwa na nafuu. Nyani si sokwe, na Mike hakuwahi kupimwa. Lakini mikwara yake isiyokoma ya mwaka ule wa kwanza inafanana sana na picha hiyo. Huwa nasikitika nikiona watu mitandaoni wakilichukua neno dume mkuu kuwa sifa ya mwanamume wa kuigwa. Aliyewatazama wanyama hawa kwa miaka haoni raha ya kuigwa pale.

Limebaki swali la kujifunza: nani alijifunza kutoka kwa Mike?

Jibu la Gombe linashangaza. Madume wazima, waliofukuzwa na madebe mara nyingi mno, hawakuyachukua kuwa desturi yao. Aliyeonekana akiyafanyia mazoezi ni kijana, Figan, mwenye umri wa miaka kama kumi na moja wakati huo, na alifanya hivyo kichakani, peke yake, kwa madebe ambayo Mike alikuwa ameyaacha. Figan alikuwa mtoto wa Flo, jike mwenye cheo kikubwa miongoni mwa majike, na kumbukumbu zake za utotoni zimejaa matendo ya kujizuia. Siku moja aliona ndizi iliyosahaulika mtini, juu kabisa ya alipoketi Goliath. Aliitupia jicho, akamtazama Goliath, akaondoka akaenda kukaa upande mwingine wa hema, mahali ambapo hata yeye hakuweza kuiona. Goliath alipoondoka, Figan alirudi bila kusita akaichukua. Angebaki pale macho yake yangemsaliti. Mwaka 2000 Brian Hare, Josep Call na Michael Tomasello walilijaribu jambo la namna hiyo kwa sokwe wa kufugwa nchini Marekani: waliweka chakula mahali ambapo sokwe wa chini anakiona lakini mkubwa wake hakioni, na wa chini aliendea zaidi chakula hicho. Kilichokuwa kisa cha kijana mmoja kikapata uzito wa jaribio.

Kwa nini wa chini ndio wenye kujifunza namna hii? Mkubwa hahitaji. Anachotaka anakichukua. Mike naye, tusisahau, alivumbua akiwa chini. Simon Reader na Kevin Laland walipokusanya mamia ya taarifa za uvumbuzi wa nyani na jamaa zao mwaka 2001, walikuta wa vyeo vya chini wanatajwa kuwa wavumbuzi zaidi ya ambavyo idadi yao ingetabiri.

Na kwa nini wengine hawakumwiga Mike akiwa juu? Hapa samaki wa Tanganyika wanatusaidia tena. Mwaka 2020 Mariana Rodriguez-Santiago, Alex Jordan na wenzao walifundisha madume wa Astatotilapia burtoni kwamba taa ikiwaka upande fulani wa tangi, chakula kitatokea hapo. Kisha waliwaweka katika makundi yasiyojua. Makundi yaliyokuwa na mjuzi mwenye ubabe yalijifunza polepole kuliko yale yenye mjuzi wa chini. Sababu ni mwendo. Mbabe akichapuka kuelekea kwenye chakula, wenzake huuona mwendo uleule anaoutumia kuwafukuza, nao humkimbia badala ya kumfuata. Mpole akienda, wanamfuata. Nionavyo mimi, hilo linaeleza madebe vizuri: madume wazima waliyajua kama kitu cha kukimbiwa, wakati kijana ambaye hakuwa mshindani alipata nafasi ya kuyatazama kama kitu cha kushikwa. Lakini si kanuni ya wanyama wote. Victoria Horner na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba sokwe wa kufugwa humwiga zaidi jike mkubwa kiumri na mwenye cheo kuliko jike wa chini anayefanya jambo la thamani ileile. Tofauti, nadhani, iko katika aina ya ukubwa: anayevumilia kutazamwa kwa karibu huigwa, anayewatimua watazamaji haigwi.

Mike aliangushwa na Humphrey, dume mkubwa wa mwili, akiwa tayari amechakaa meno, na alikufa mwaka 1975. Enzi ya Humphrey ilikuwa fupi. Mwaka 1973 Figan alikwea hadi juu kwa msaada wa kaka yake Faben, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umepooza kwa polio. Madebe hayakuwa tena sehemu ya mambo, lakini Figan alikuwa na mbinu yake: alipiga mikwara alfajiri, juu mitini, wenzake wakiwa bado kwenye viota vyao vya kulalia, wasiweze kukimbilia popote. Nyuma yake alifuatana naye kijana aliyezaliwa mwaka 1964, mwaka uleule wa madebe. Huyo ni Goblin. Alimfuata Figan kwa miaka, akilindwa naye, akimtazama, kisha mwaka 1979 akaanza kumgeukia. Goblin naye alipopanda hadi kuwa dume mkuu katika miaka ya 1980, watafiti wa Kitanzania, ambao tangu kutekwa kwa watu wanne wa kigeni kutoka kambi hiyo Mei 1975 ndio walioibeba kazi ya kila siku ya kuwafuata sokwe hao msituni, walimwandika akifanya jambo wanalolijua: mkwara wa ghafla, alfajiri, kabla wenzake hawajashuka viotani.